Kutatua Ubishi wa Uamuzi wa Besiboli kwa Video na Picha

Ubishi mwingi katika besiboli huzuka kwenye besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mkimbiaji hupitia. Mpigaji ameugonga mpira ukaviringika chini, mlinzi ameuokota na kuutupa, na mguu wa mkimbiaji na mpira vinawasili karibu wakati mmoja. Mwamuzi ananyoosha mikono pande zote mbili kuonyesha kwamba mkimbiaji ni salama, au anakunja ngumi kuonyesha kwamba ametoka, yaani hana tena haki ya kuendelea kukimbia, na kabla hajaishusha mikono hiyo watu wawili watatu wa kila upande wamekwisha kuchomoa simu. "Mwalimu, hebu tazama, iko hapa!" Kila simu ina ushahidi wake, na kila ushahidi unaipendelea timu ya mwenye simu.

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiandika matokeo na kurekodi mechi za timu ya vijana inayocheza siku za Jumamosi kwenye uwanja wa shule moja upande wa Barabara ya Thika, jijini Nairobi. Mchezo huu haujaenea kwetu kama kandanda, na waamuzi wake ni wachache. Mechi zetu huwa na mwamuzi mmoja, ilhali ligi kuu ya Marekani huweka wanne. Mwamuzi wa peke yake aliyechutama nyuma ya mdakaji, yule anayeipokea mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji, yuko zaidi ya mita 27 kutoka besi ya kwanza, na hata akikimbia kusogea karibu, mara nyingi tukio humkuta bado njiani. Kwa hiyo video ingeweza kumfaa sana, mradi imepigwa kwa nia hiyo. Video ya kumbukumbu huonyesha mchezo tu, lakini video ya kutatua ubishi inatakiwa kujibu swali moja dogo, na swali hilo sharti lijulikane kabla kamera haijasimamishwa.

Swali ambalo kamera inaulizwa

Swali la kamera si "je, alitoka?" Hilo ni la mwamuzi. Kanuni inasema kwamba mpigaji anayekimbilia besi ya kwanza hutoka ikiwa yeye au besi imeguswa na mlinzi mwenye mpira kabla yeye hajaigusa besi. Kutokana na maneno hayo kuna mambo matatu ambayo picha lazima iyaonyeshe yote: mguu wa mlinzi uko juu ya besi, mpira umeshikwa imara katika glavu au mkononi, na mguu wa mkimbiaji umegusa au haujagusa. Mpira unaoingia mdomoni mwa glavu bado haujashikwa, na ule unaocheza ndani ya glavu kisha ukatoka haukushikwa kamwe. Video inayoonyesha mambo mawili kati ya hayo matatu haijajibu swali, hata ikiwa safi namna gani.

Mkimbiaji ambaye halazimiki kuiacha besi yake, kwa kuwa hakuna mwenzake anayekuja nyuma yake kuichukua, ni jambo jingine. Huyo lazima aguswe mwilini kwa mpira, au kwa glavu iliyoushika mpira, akiwa hayuko juu ya besi. Hapa kamera inatakiwa kuona nafasi ndogo iliyopo kati ya glavu na fulana, na nafasi hiyo hugeuka upande kila mkimbiaji anapoteleza kwa namna yake. Ikiwa mna simu moja tu, msiahidiane kwamba itawatatulia ubishi wa aina hii. Mara nyingi mtakachokiona ni mgongo wa mlinzi na vumbi jekundu.

Mpira wa juu unaodakwa karibu na nyasi unahitaji kamera iliyo chini na mbele ya mlinzi anayeudaka, nayo haipatikani ila kwa bahati.

Straiki, yaani mirusho inayohesabiwa dhidi ya mpigaji, ziacheni kabisa. Eneo la straiki ni nafasi iliyo hewani juu ya besi ya nyumbani, ile ambayo mpigaji husimama kando yake, yenye upana wa sentimita 43, ambao ndio upana wa besi hiyo, na kimo kinachobadilika kwa kila mpigaji. Kamera ya pembeni huona kimo bila upana, na ya nyuma huona upana kwa mshazari. Ligi kuu ya Marekani imeruhusu timu kuzipinga hukumu za straiki kuanzia msimu wa 2026, lakini jibu hutolewa na kamera nyingi zilizofungwa uwanja mzima, zinazopima njia ya mpira wenyewe, na mpaka wa juu wa eneo hilo umewekwa kwenye asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji na wa chini kwenye asilimia 27. Simu iliyofungwa kwenye wavu kwa kamba ya viatu haiiwezi kazi hiyo, na mwamuzi atakayekubali kubishiwa kila mrusho hataimaliza mechi kabla ya giza.

Mahali pa kusimamisha kamera

Ukisimama katikati ya barabara iliyonyooka ukaitazama matatu kwa nyuma ikikaribia steji, huwezi kusema ni lini hasa magurudumu yake yamefika mkabala na kibao. Utadhani imekwisha kufika ilhali bado ina hatua kumi za kwenda. Abiria aliyesimama pembeni mwa kibao hana shaka hata kidogo. Kamera nayo hudanganyika vivyo hivyo: anayekitazama kitu kutoka nyuma ya mwendo wake hukiona kimefika mapema.

Sheria hiyo moja inaeleza sehemu kubwa ya mabishano ninayoyakumbuka. Mtu aliyerekodi kutoka nyuma ya besi ya nyumbani yuko nyuma ya mkimbiaji, na kwa hiyo kiatu kitaonekana kimeifunika besi kikiwa bado kimebakisha sentimita 40 au zaidi, naye ataapa kwamba mkimbiaji alikuwa salama. Aliyerekodi kutoka upande wa besi ya tatu yuko nyuma ya mpira uliotupwa, na kwa hiyo mpira utaonekana umezama ndani ya glavu ukiwa bado hewani kwa mita nzima, naye ataapa kwamba mkimbiaji alitoka. Hakuna aliyesema uongo kati yao. Kuvuta picha karibu kwa lenzi, kutoka mbali, huzidisha udanganyifu huo, kwa kuwa vitu vilivyoachana hubanwa vikaonekana vimeshikana.

Mahali panapofaa ni pembeni, ili mkimbiaji apite mbele ya kamera kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chora akilini mstari unaotoka besi ya pili hadi besi ya kwanza, kisha uendeleze mstari huo nje ya uwanja kwa mita nane au kumi. Simamisha kamera hapo, kwa kimo cha goti la mtu mzima, ukilenga ukingo wa besi ambao mkimbiaji anaukanyaga kwanza. Kimo cha chini kina faida ambayo watu wengi huisahau: kinaonyesha mwanga unaopita kati ya soli na besi, na mwanga huo unapotoweka ndipo mguu umegusa. Kamera iliyo juu jukwaani haiwezi kuuona.

Lakini mahali hapo pana kasoro moja ambayo ni afadhali uijue mapema kuliko kuigundua mbele ya makocha wawili waliokasirika. Mlinzi wa besi ya kwanza hujinyoosha kuuelekea mpira unakotoka, na mpira ukitoka upande wa besi ya pili au ya tatu, mgongo wake huigeukia kamera na kuificha glavu. Utauona mguu wa mkimbiaji kwa uwazi kabisa, lakini mpira huuoni. Dawa yake ni kuisogeza kamera kidogo kuelekea besi ya nyumbani, hatua tatu au nne tu, mpaka mkono ulionyooshwa ujitokeze pembeni mwa mwili. Utapoteza usahihi kidogo wa mguu ili uupate mpira. Mimi huona hasara hiyo inafaa. Kabla ya mechi, mwombe mlinzi ajinyooshe mara tano sita kuelekea pande mbalimbali, na wewe utazame kioo cha simu mpaka glavu na besi vionekane pamoja kila mara.

Ikiwa mna simu mbili, jaribu la kuweka moja kwa ajili ya mguu na nyingine kwa ajili ya mpira ni kubwa, nasi tulilifuata. Tatizo ni kuoanisha saa za video hizo mbili. Wengi huoanisha kwa mlio wa gongo likigonga mpira, na hapo wanajidanganya, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na simu iliyo mita 34 kutoka kwa mpigaji huisikia ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Oanisha kwa jambo linaloonekana katika video zote mbili, kwa mfano mpira ukiachana na gongo au ukigusa ardhi kwa mara ya kwanza, na hata hivyo usiziamini video hizo kwa tofauti iliyo ndogo kuliko fremu mbili, fremu ikiwa ni picha moja kati ya zile zinazounda video.

Kwa mpira ulioanguka karibu na mstari, kamera inatakiwa kuutazama mstari kwa urefu wake, kutoka nyuma ya besi ya nyumbani au kutoka mwisho wa uwanja, na wala si kutoka pembeni. Kumbuka kwamba mstari wa chokaa ni sehemu ya uwanja: mpira uliougusa ni halali.

Jambo la mwisho kuhusu mahali, nalo nililijua kwa gharama. Mpira uliotupwa vibaya kuelekea besi ya kwanza huishia pale pale nilipokuelekeza usimamishe kamera. Stendi yangu ya kwanza, niliyoinunua Luthuli Avenue, ilivunjwa mguu katika zamu ya pili ya siku yake ya kwanza. Kamera na isimame nyuma ya wavu au ubao, na mtu asiketi karibu nayo akiwa ameinamia simu. Fundi yeyote wa jua kali atakutengenezea kwa siku moja fremu ya vyuma na wavu wa kuku yenye tundu la lenzi.

Fremu, mwanga na sauti

Video ni mfululizo wa picha, na simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde isipoambiwa vingine. Mkimbiaji mwenye kasi ya mita saba kwa sekunde husogea sentimita 23 kati ya fremu moja na inayofuata. Mpira uliotupwa kwa kilomita 100 kwa saa husogea karibu sentimita 93 katika muda huo huo, yaani fremu moja itauonyesha ukiwa bado hewani na inayofuata itauonyesha umekwisha kushikwa, na lililotokea katikati halikuandikwa popote. Kwa fremu 60 masafa hayo hupungua hadi sentimita 12 na 46, na kwa fremu 240, ambazo simu nyingi za leo zinaziweza katika hali ya mwendo wa polepole, mkimbiaji husogea sentimita tatu na mpira sentimita 12. Ikiwa kuna jambo moja tu utakaloibadilishia simu yako kabla ya Jumamosi, liwe hilo la fremu.

Jihadhari, hata hivyo, na mwendo wa polepole wa bandia. Programu nyingi za kuhariri hupunguza kasi ya video ya kawaida kwa kubuni fremu za katikati, na fremu hizo huchorwa na programu yenyewe. Mguu utaonekana ukishuka taratibu na kwa uzuri, ilhali hakuna kamera iliyouona ukishuka hivyo. Vivyo hivyo kwa programu zinazoinoa picha yenye ukungu: kinachoonekana kuwa mshono wa mpira huenda kikawa kimebuniwa. Tazameni faili halisi tu.

Fremu nyingi zinahitaji mwanga mwingi, kwa maana kila fremu hupata muda mfupi zaidi wa kupokea mwanga. Saa tisa alasiri katika jua la Januari hapana shida yoyote. Mwezi wa Julai, mawingu yanapokaa juu ya jiji kutwa nzima, picha huanza kuwa na chembechembe mapema. Na kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni simu huanza kurefusha muda wa kila fremu bila kukuuliza, na mpira hugeuka kuwa mstari mweupe usio na mwanzo wala mwisho. Sisi tumekubaliana kwamba baada ya saa kumi na mbili hakuna rufaa ya video.

Waamuzi wazoefu hufundishwa kuutazama mguu kwa macho na kuusikiliza mpira ukigonga glavu kwa masikio. Ni mbinu nzuri kwa mtu aliye karibu. Katika video iliyorekodiwa kutoka mbali, mbinu hiyo humpendelea mkimbiaji, kwa kuwa mlio wa glavu umechelewa na mguu haukuchelewa. Kwa simu iliyo mita 34 kutoka besi, mlio umechelewa fremu tatu kati ya zile 30 za sekunde moja. Zimeni sauti mnapotazama.

Kuitazama video yenyewe

Watu hukosea kwa kuitazama video ikienda, mara kumi, mara ishirini, kila mmoja akisubiri macho yake yamthibitishie alichokiamini tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni fremu moja tu: ile ambayo kimoja kimefika na kingine bado. Ikiwa ipo fremu inayoonyesha soli imegusa besi na mpira ungali hewani, mkimbiaji ni salama na mjadala umekwisha. Ikiwa ipo fremu inayoonyesha mpira umeshikwa, mguu wa mlinzi uko juu ya besi, na mwanga ungali unapita chini ya soli ya mkimbiaji, ametoka. Na ikiwa katika fremu moja vyote viwili bado, na katika inayofuata vyote viwili vimefika, basi video haijui. Wengine husema kwamba hapo wamefika sawa na mkimbiaji apewe haki yake, lakini hiyo ni kuchanganya mambo: kutoonekana kwa tofauti hakumaanishi kwamba tofauti haikuwepo.

Kwenye kompyuta, programu ya VLC husogeza video mbele fremu moja kila unapobonyeza herufi E, na kioo chake kinawatosha watu watatu kutazama bila kusukumana. Kwenye simu, buruta kidole polepole na uandike muda wa kila fremu unayoisimamisha. Anza na mguu peke yake, uandike fremu uliyouona umegusa. Kisha anza upya na mpira peke yake, bila kuangalia ulichokiandika. Anayesoma fremu ya mpira na awe mtu mwingine, ikiwezekana.

Video itawaonyesha pia mambo ambayo hakuna jicho lililowahi kuyaona wala kuyadai. Mkimbiaji anateleza kwenye besi ya pili, anafika mapema na kwa haki, kisha kwa kasi yake mwili unainuka na mguu unaachana na besi kwa upana wa kidole, glavu ikiwa bado imemgusa. Tangu marudio ya video yapanuliwe Marekani, wakimbiaji wengi wametolewa kwa njia hiyo. Kwa maandishi ya kanuni ni halali. Kwa vijana wanaojifunza mchezo kwenye uwanja wenye mawe, naona ni ukali usio na faida, na timu zetu zimekubaliana kutolihesabu. Ninyi mnaweza kuamua vingine, ila amueni kabla ya mechi.

Picha tuli

Picha moja iliyopigwa kwa kamera nzuri ina uwazi ambao video ya simu haiwezi kuufikia, lakini haina kabla wala baada. Kipimo chake ni kile kile cha fremu moja. Picha inayoonyesha kiatu juu ya besi na mpira ungali mbali na glavu imemaliza kazi. Picha inayoonyesha kiatu juu ya besi na mpira ndani ya glavu, ambayo ndiyo watu hupenda kuipeperusha kwa ushindi, haina maana yoyote, kwa kuwa haisemi ni kipi kilitangulia.

Picha hufaa zaidi kwa vitu visivyosogea. Mpira ukianguka kwenye mstari huacha alama katika chokaa. Simama juu ya alama hiyo, piga picha ukitazama chini moja kwa moja, na uweke kando yake sarafu ya shilingi kumi ili ukubwa wake ujulikane. Kisha piga nyingine kwa mbali, ionekane ni sehemu gani ya mstari. Fanya hivyo kabla watu hawajaikanyaga. Hata hivyo lazima video ithibitishe kwamba alama hiyo ni ya mpira huo na si ya zamu iliyopita. Tena kumbuka kwamba mpira unaodunda kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu huhukumiwa kwa mahali ulipopita besi, au uliposimama au kuguswa kabla ya kuifikia, wala si mahali ulipodunda kwanza, kwa hiyo alama nzuri kabisa huenda ikawa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Makubaliano kabla ya mechi

Makocha na mwamuzi hukutana kwenye besi ya nyumbani kubadilishana orodha za wachezaji, na dakika tatu za mkutano huo zinatosha. Wataje kamera itakayotumika, maana simu za mashabiki hazihesabiwi kamwe. Wataje aina za uamuzi zinazoweza kupingwa. Kwetu ni mbili tu, yaani mkimbiaji kwenye besi ya kwanza, na mpira ulioanguka karibu na mstari ikiwa mwamuzi aliuita halali. Ule aliouita faulo, yaani ulio nje ya mistari, hatuupingi, kwa sababu wachezaji wote walisimama aliposema faulo, na hakuna anayeweza kujua wangefika wapi kama wangeendelea. Wataje pia idadi ya rufaa. Sisi hutoa moja kwa kila timu, na inayoshinda rufaa yake hubaki nayo, kama inavyofanyika katika ligi kuu ya Marekani. Huko, tangu 2023, meneja ana sekunde 15 za kuamua kama atapinga, na video hutazamwa na waamuzi wengine walioketi New York. Kwetu kocha ana muda ambao mrushaji anautumia kurudi mahali pake, na anayetazama ni mwamuzi yule yule, pamoja na mwandishi wa matokeo mmoja kutoka kila timu wakiwa kimya.

La maana kuliko yote ni kiwango cha ushahidi. Uamuzi wa uwanjani husimama mpaka picha iuangushe waziwazi, na kwa hiyo majibu ni matatu wala si mawili: picha imeuthibitisha uamuzi, picha imeubatilisha, au picha haitoshi na uamuzi unabaki. Jibu la tatu ndilo gumu kwa watu kulikubali, ingawa ndilo tunalolipata mara nyingi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mwamuzi hudhalilishwa kwa kusahihishwa. Tarehe 2 Juni 2010, jijini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika besi, na alihitaji mmoja tu ili aingie katika orodha fupi ya waliorusha mchezo mkamilifu. Mpigaji wa 27, Jason Donald, aligonga mpira chini, ukatupwa besi ya kwanza, na mwamuzi Jim Joyce akasema mkimbiaji ni salama. Marudio yalionyesha kwamba alikuwa ametoka, tena si kwa tofauti ya fremu moja. Wakati huo video iliruhusiwa kwa mipira ya kuvuka uzio peke yake, tangu Agosti 2008, na kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Joyce aliitazama video baada ya mechi, akakiri kosa na kuomba radhi, na siku iliyofuata Galarraga mwenyewe ndiye aliyempelekea karatasi ya orodha ya wachezaji. Marudio yalipanuliwa hadi kwenye besi mwaka 2014. Sidhani kama Joyce angeona kusahihishwa papo hapo kuwa ni aibu.

Sisi tuliyafikia makubaliano yetu baada ya siku moja ya fedheha. Mwamuzi alisema mkimbiaji wetu ametoka kwenye besi ya kwanza. Nami, bila kuulizwa, nilikimbia na simu yangu iliyorekodi kutoka nyuma ya besi ya nyumbani, huku kocha wa timu nyingine, kijana wa miaka ishirini na kitu, akija na yake kutoka upande wa besi ya tatu. Mwamuzi, mwalimu mstaafu ambaye wengi wetu alitufundisha, alizitazama zote mbili bila kusema neno. Kisha akamrudishia kijana simu yake ikiwa imesimamishwa pale alipotaka.

"Kijana wangu, nionyeshe mpira uko wapi hapo."

Kijana akagusa doa jeusi katikati ya glavu. "Huu hapa, Mwalimu."

"Mpira ni mweupe. Hicho ni kivuli."

Akanigeukia mimi, akaniuliza soli ya mkimbiaji wetu iko wapi. Ilifichwa na kisigino chake mwenyewe. Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, nikaizima simu. Mkimbiaji wetu aliendelea kuhesabiwa ametoka.

Baada ya mechi

Hifadhi faili halisi mpaka matokeo yatiwe saini na timu zote mbili. Ukiituma video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana na maelezo madogo hupotea. Itume kama hati, au ihamishe kwa waya. Wachezaji wengi wa timu hizi ni watoto kwa mujibu wa sheria, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data za mtoto kushughulikiwa. Chukueni idhini hiyo kwa maandishi mwanzoni mwa msimu, mkieleza kwamba video ni ya kutatua uamuzi tu, na mkishaifuta, mwambieni mzazi kwamba imefutwa. Kipande cha mtoto wa miaka kumi na minne akikosea kushika mpira hakina sababu ya kuzunguka mtaani.

Katika kitabu cha matokeo andika zamu, idadi ya waliokwisha kutoka, uamuzi wa kwanza, kamera iliyotumika, muda wa fremu, na jibu. Mstari wa siku ile ya fedheha ungali katika kitabu chetu, kwa mwandiko wa Mwalimu mwenyewe: zamu ya tano, mmoja ametoka, besi ya kwanza, simu mbili, mpira hauonekani, mguu hauonekani, uamuzi unabaki.